Barua ya Chaji Tatu

Nianze na hili, msije mkasema namsingizia: mume wangu Januarius si mjinga. Mjinga ningemsamehe. Mjinga unamtuma dukani na karatasi, anarudi na kile ulichokiandika. Tabu yangu mimi ni mjuaji. Mjuaji unamtuma chumvi anarudi na magadi, halafu anakukalisha chini kukueleza kwa nini magadi ndiyo uliyokuwa unayataka tangu mwanzo.

Mpaka mwaka huo wa barua nilikuwa nimeolewa naye miaka ishirini na moja na sikuwa nimewahi kumsikia akisema "sijui". Umuulize mvua itanyesha lini, anakwambia. Umuulize kwa nini ng'ombe wa jirani yetu Mboje hashiki mimba, anakwambia, na ng'ombe mwenyewe hajamwona. Mimi mara nyingine humwuliza mambo ya uongo makusudi, nione atafanyaje. Anajibu vilevile, tena kwa mifano.

Alizaliwa Sola, upande wa Maswa, akasoma middle school enzi zile ambazo mtoto akiteleza akasema Kisukuma darasani alivishwa kibao shingoni mpaka jioni. Yeye anasema hakuvishwa hata mara moja. Dada yake Nyanjige anasema alikivaa mpaka kikamwachia alama. Mimi namwamini Nyanjige. Kutoka pale akawa karani wa chama cha ushirika hapa kwetu, karibu na Sapiwi, miaka kumi na tisa akipima pamba na kuandika stakabadhi. Barua za wakubwa zilikuwa zinakuja zimechanganywa na Kiingereza, basi akaenda Mwanza akajinunulia kamusi, akaivisha jalada la kitambaa cha gunia la pamba, akaandika jina lake ndani mara tatu. Watoto wangu wameruhusiwa kugusa kila kitu ndani ya nyumba hii isipokuwa panga na hiyo kamusi.

Mwaka tisini na nne likaja soko huria. Makampuni ya watu binafsi yakaingia na malori yao kununua pamba, chama kikabaki kinapiga miayo, na makarani wakapunguzwa. Januarius alirudi nyumbani na baiskeli, kamusi, na shukrani ya maneno. Nitamsifu kwa hili: hakulala. Alinunua jenereta ndogo, akajenga kibanda mbele ya nyumba, akaanza kuchaji betri za gari, maana kila mwenye pamba mwaka ule alikuwa ananunua redio kubwa na hana umeme wa kuisemesha. Akachora kibao kwa rangi nyekundu: CHAJI HAPA.

Hapo ndipo neno lile lilipoingia nyumbani kwangu.

Siku moja mteja alimwuliza, "Mzee, unachaji shilingi ngapi kuchaji?" Lo! Ungedhani kaokota almasi. Alizima jenereta ili asikike vizuri. "Mmesikia hiyo?" akawaambia watu waliokuwa kwenye foleni na betri zao. "Chaji mbili ndani ya sentensi moja! Ya kwanza bei, ya pili umeme. Na iko ya tatu: polisi akikupeleka mahakamani anabeba chaji shiti. Hiyo ni mashtaka. Kwa hiyo chaji ni tatu. Umeme, bei, mashtaka." Akainua vidole vitatu. Akaleta na kamusi, akawaonyesha. Tangu siku hiyo kila mteja mgeni alipewa somo la chaji tatu, apende asipende, na mimi ndani nachambua mchicha nasikia, umeme, bei, mashtaka, umeme, bei, mashtaka, mpaka nikawa naliota.

Sasa niwaeleze yangu. Mimi naitwa Felisita. Ni muuguzi msaidizi, nilisomea miaka miwili, na mwaka ule wa tisini na tano nilikuwa nimetimiza miaka kumi na minne kwenye zahanati ya misheni hapa kijijini. Inchaji wetu alikuwa mzee Mayige. Inchaji, kama hujui, ndiye mkubwa wa zahanati: ndiye mwenye muhuri, ndiye anayesaini dawa, ndiye anayekaa kwenye kiti chenye mto. Mzee Mayige alikuwa mtu mwema lakini magoti yalimchoka zamani. Aliyekuwa anafungua mlango saa kumi na mbili asubuhi ni mimi. Aliyekuwa anazalisha ni mimi. Funguo zilikuwa zinalala kwangu, kwenye msumari juu ya mtungi. Kazi yote ya uinchaji nilikuwa nayo, nilichokosa ni jina lake. Na nililitaka hilo jina, sitafuni maneno. Nililitaka kama mtu anavyotaka maji akitoka kupalilia. Watoto niliowapokea mimi walikuwa wameshafika darasa la saba, na bado wageni wakifika wanapita mbele yangu wanauliza, "Inchaji yuko wapi?"

Mwezi wa saba mzee Mayige akastaafu. Kabla hajaondoka kwenda kwa wanawe Shinyanga akaniambia, "Felisita, nimeshawaandikia ofisi ya misheni Bariadi. Nimewaambia ni wewe. Subiri barua." Nikasubiri. Nilikuwa nikisikia gari barabarani moyo unaruka.

Lakini kabla hajaondoka lilitokea jambo, na hili lazima nilitubu hapa, kwa sababu bila hilo Januarius asingeniweza. Lori la kampuni lilikuja Jumanne moja kununua pamba, bei nzuri kuliko ya chama, na likasema linaondoka jioni. Mzee Mayige alikuwa Bariadi kufuata dawa. Shida, binti muuguzi aliyeletwa kwetu mwaka uliotangulia, alikuwa vitongojini na sanduku la chanjo. Nilikuwa peke yangu. Saa sita nikafunga zahanati nikakimbilia pamba yangu. Saa tisa narudi, nakuta mama kakaa kizingitini na mtoto wa homa mgongoni. Mtoto alipona, namshukuru Mungu, yule sasa ni mkubwa ana ndevu. Lakini mama yake aliniambia neno moja, kwa upole kabisa: "Mayu, mama yangu, tulikukuta umekimbia." Lilinikaa kama mwiba wa samaki.

Barua ikafika Alhamisi, mwezi wa nane katikati. Miaka yote barua za misheni zilikuja kwa Kiswahili. Lakini mwaka ule ofisi ya Bariadi ilipata wafadhili wapya na mratibu mpya, mama mmoja kutoka ng'ambo ambaye Kiswahili chake kilikuwa "asante" na "pole", na Kabula, yule karani wake aliyekuwa anatutafsiria kila kitu, alikuwa likizo ya uzazi. Kwa hiyo barua ilikuja Kiingereza kitupu, mistari mitano. Nilitambua jina langu na tarehe.

Nikampelekea mume wangu kibandani, katikati ya betri. Akavaa miwani. Akasoma mara ya kwanza, midomo inacheza. Akasoma mara ya pili. Akazima jenereta. Alipozima jenereta nikajua hakuna heri.

"Mama Salu," akasema, "kaa chini."

"Sikai. Sema."

"Humu mna chaji tatu."

"Zinasemaje?"

Akafungua kamusi taratibu, kana kwamba hakuwa ameuhubiri huo ukurasa mwaka mzima. "Twende kwa mantiki. Chaji ni umeme, bei, au mashtaka. Wewe si betri. Wala huuzwi. Kinabaki nini?"

Nikakunja kidole kimoja, nikakunja cha pili, kikabaki cha tatu.

"Sikiliza, mstari wa kwanza. 'Unapewa chaji ya kukimbia kwa zahanati.' Yaani unashtakiwa kwa kuikimbia zahanati."

Jamani. Nilikaa juu ya betri ya mtu. Lile neno la yule mama likanirudia lote, umekimbia, umekimbia, nikasema basi, amekwenda kunisema. Wamejua. Mtu mwenye hatia hahitaji kamusi kubwa. Ukimwambia nusu ya neno anamalizia mwenyewe.

"Endelea," nikasema.

"Mstari wa tatu: uende ofisini Jumatatu tarehe ishirini na moja, saa tatu asubuhi, kuchukua chaji. Yaani kuchukua mashtaka yako. Mstari wa nne: gari litakuja kukufuata, usafiri frii ofu chaji." Hapo akakuna kichwa. "Frii ni huru. Gari liko huru na mashtaka."

"Gari?"

"Ndivyo walivyoandika. Gari halina kosa."

"Sasa nani alisema gari lina kosa, Baba Salu?"

"Sheria ina mambo yake," akasema. "Lazima waeleze."

Gari limesamehewa, mimi nimeshtakiwa! Na nikaamini! Hilo ndilo linaloniuma mpaka leo nikilikumbuka nikiwa nachota maji, nasimama peke yangu kisimani nasema "khaa!" watu wananitazama. Nilitaka kumpelekea mwalimu mkuu aisome tena, Januarius akaja juu: mashtaka ya mke wake yatembezwe kijijini kama mnada? Na mimi mwenyewe niliona aibu. Nikaikunja barua nikaificha chini ya godoro.

Ijumaa yote na Jumamosi yote Januarius aliandika utetezi. Alisema mahakamani anayekana anaongezewa, anayejishusha anapunguziwa, kwa hiyo tutajishusha. Aliandika Kiingereza kwa mwandiko wake wa stakabadhi, herufi zimesimama kama askari, na kila mstari akanitafsiria kwa majivuno. Mimi ni mwanamke dhaifu. Sistahili. Nina watoto na mume asiye na ajira. Naipigia magoti ofisi yako, uniondolee chaji hii na usinipe tena chaji nyingine maisha yangu yote.

"Hilo la maisha yote la nini?" nikauliza.

"Linafunga kesi. Wasije wakakufufulia mwakani."

Jumatatu nikavaa kama mtu anayekwenda mahabusu: khanga mbili, sabuni, mswaki, na sweta, maana nilisikia sakafu ya pale ni baridi. Gari la misheni likaja kweli, saa mbili kamili. Majirani wametoka kutazama. Dereva akanifungulia mlango wa mbele, akatabasamu, akasema, "Hongera, mama." Nikamwona hana adabu kabisa. Nikaangalia dirishani mpaka Bariadi sikumjibu hata salamu. Januarius alikaa nyuma na kamusi mapajani.

Yule mratibu alinipokea vizuri mno. Alinishika mkono kwa mikono yake miwili. Palikuwa na chai mezani, na maandazi, na juu ya faili kulikuwa na muhuri wa zahanati yetu, ule ule wa mzee Mayige, nauona kwa macho yangu. Nikasema wameshauchukua, kweli hapa kuna kesi. Kabla mama wa watu hajafungua kinywa Januarius akasimama, akasema "Madamu," akaweka utetezi mezani.

Akausoma. Ule uso wake ukabadilika polepole. Akanitazama mimi, akaitazama karatasi, akamwuliza Januarius kitu kifupi.

"Anauliza kama una uhakika," Januarius akaninong'oneza. Halafu kwa sauti kubwa akamjibu, "Shua! Veri shua!"

Mratibu akaiweka ile karatasi mezani. Akasema maneno mengi taratibu, na mume wangu akawa anaitika kwa kichwa, yesi, yesi, na mimi pia nikaitika. Mwishowe akauvuta ule muhuri kuelekea upande wake, akaandika kitu kwenye faili, akaniambia, "Pole. Pole sana, Felisita." Macho yake yalikuwa na huzuni. Nikajiuliza, mbona anayesamehe ndiye mwenye huzuni? Lakini Januarius ameshanishika bega, "Umeachiwa! Umefutiwa yote!" nikasahau.

Tulirudi tunacheka. Nilichinja jogoo. Ndiyo, nilichinja jogoo wangu mwekundu, aliyekuwa na kuku wanane wanaomtegemea, nikamkaangia Januarius firigisi kwa kuniokoa. Akala akaniambia, "Unaona faida ya shule?" Nikasema naona.

Jumanne nilirudi kazini nikafagia zahanati nzima kwa furaha ya kutofungwa. Barua yangu ya uinchaji nikaendelea kuisubiri. Nilijua itachelewa kidogo, kwa sababu ya ile kesi.

Siku kumi na mbili zikapita. Jumamosi mchana niko uani naanua mtama, namsikia Shida anabisha na salamu ya Kisukuma. "Mwadila, mayu." Nikatoka. Shida alikuwa binti wa miaka ishirini na mitatu, mpole, mwenye mikono mizuri; mimi ndiye niliyemfundisha kumpokea mtoto aliyetanguliza miguu. Alikuwa amevaa sare siku ya mapumziko, na uso umemvimba kwa kulia.

"Nimepata barua ya Kiingereza," akasema. "Naomba baba anisomee. Naogopa nimefukuzwa kazi."

Januarius akavaa miwani. Akasoma. Akazima jenereta.

"Kaa chini, binti yangu," akasema.

"Nini, baba?"

"Umeshtakiwa. Kuikimbia zahanati. Jumatatu gari linakuja kukuchukua."

"Mimi?" Shida akashika kifua. "Lini? Baba, mimi sijakimbia!"

"Hata siku moja? Fikiri vizuri."

"Hata siku moja! Hata nikiumwa naenda!"

"Hiyo utaieleza huko," akasema kwa upole wa wakili. "Lakini usihofu. Hata Mama Salu alipata kama hii, tulimtoa. Naandika maneno yale yale. Yalifanya kazi." Akavuta karatasi, akalamba ncha ya kalamu, akaanza: Mimi ni mwanamke dhaifu.

Nikaichukua ile barua ya Shida. Nikaenda ndani, nikainua godoro, nikaleta yangu. Nikaziweka pamoja juu ya betri. Mistari ni mitano hapa, mitano pale. Herufi kwa herufi, isipokuwa jina na tarehe. Sasa mimi nilikimbia, sawa. Nilikimbilia pamba, najijua. Lakini huyu mtoto hakukimbia, namjua kama ninavyojua mkono wangu. Ofisi gani inashtaki watu wawili kwa kosa la mmoja, halafu inawanywesha chai?

"Nipe kamusi," nikamwambia.

"Ya nini? Mama Salu, nimeshaisoma."

"Nipe!"

Hajawahi kunisikia hivyo. Akanipa. Ilijifungua yenyewe pale pale, ukurasa umeota weusi kwa kidole chake. Chaji lilikuwa neno la chini kabisa upande wa kulia. Moja, umeme. Mbili, bei. Tatu, mashtaka. Ukurasa ukaisha.

"Umeona?" akasema bila kuinua kichwa, kalamu inakwenda. "Tatu."

Nikageuza ukurasa.

Nyuma yake, juu kabisa, palikuwa na nne. *Madaraka, usimamizi, kukabidhiwa kitu au watu uwaangalie.* Na chini yake maneno mawili, dogo na kubwa, yameandikwa yametengana, kwanza *in*, halafu *charge*, na mbele yake: *mkuu, msimamizi.* Nikayasoma kwa silabi kama mtoto wa darasa la kwanza. Nikayasoma tena bila kuacha nafasi katikati.

Inchaji.

Miaka kumi na minne nalisema neno hilo kila siku iendayo kwa Mungu. Inchaji yuko? Inchaji katoka. Mwulize inchaji. Kijiji kizima kinalisema, wazee wasiojua hata kushika kalamu wanalisema, na Januarius mwenyewe analisema, na hakuna hata mmoja wetu aliyewahi kusikia kwamba ndani yake kuna chaji. Asiyejua maana haambiwi maana, walisema wahenga, na mimi na mume wangu tuliambiwa kwa barua, kwa gari, kwa chai na kwa muhuri juu ya meza.

Nikatafuta na lile la kukimbia. Lilikuwa na maana ukurasa mzima, na mojawapo ilikuwa *kuendesha*. Unakabidhiwa kuiendesha zahanati. Njoo uchukue madaraka. Gari litakuja, hulipi kitu. Na sisi tukajibu: mimi dhaifu, sistahili, uniondolee madaraka haya na usinipe tena mengine maisha yangu yote. Veri shua.

Sasa nitawaambia jambo ambalo sijamwambia hata padri. Nilinyamaza. Nilisimama pale kamusi iko mkononi, na mume wangu anaandika, na Shida analia, na nikaona wazi kabisa kwamba nisipofungua mdomo karatasi ile itakwenda Bariadi, Shida naye atakuwa amekataa, na ofisi itabaki haina mtu. Itarudi kwangu. Itarudi tu, watampata nani mwingine? Sikuhitaji kusema uongo wowote. Nilihitaji kufunga kamusi. Januarius alimaliza mstari wa kwanza. Akamaliza wa pili. Nami nimenyamaza.

Shida akajipangusa machozi na pindo la sare. "Mama," akaniambia, "Jumatatu gari likija utanisindikiza? Wewe wanakujua. Mimi peke yangu nitashindwa kusema."

Ah, mtoto huyu! Kwa nini asingenyamaza tu? Hasira zikanipanda, sijui zilikuwa za nani, nikamnyang'anya Januarius karatasi nikaichana mara mbili, mara nne, nikaitupa kwenye maji ya betri.

"Mama Salu, una wazimu?"

"Shida," nikasema, "futa machozi. Hujashtakiwa. Wewe ndiye inchaji."

Akanitazama haelewi. Nikamwambia tena kwa Kisukuma, ili asiwepo mtu wa kutafsiri. Akafungua mdomo, akanitazama mimi, akaziona zile barua mbili zimelala pamoja, jina langu kwenye moja na jina lake kwenye nyingine. Hakufurahi. Aliziba mdomo kwa mikono yote miwili. Namshukuru kwa hilo hadi leo.

"Haiwezekani," Januarius akasema. "Chaji ni um..."

Nikamwekea kamusi mapajani, imefunguliwa upande wa nyuma. Akasoma. Midomo ikacheza, ikaacha kucheza. Akarudisha ukurasa mbele, akauleta tena nyuma, kana kwamba ameletewa kamusi ya mtu mwingine. Akavua miwani. Akaivaa. Akaichukua ile barua yangu ya kwanza, akaisoma upya yote mpaka sahihi ya chini, na nikamwona amefika kwenye ule mstari wa gari.

"Mama Salu," akasema. Sauti ilikuwa ndogo. "Sikujua."

Miaka ishirini na moja nililisubiri neno hilo. Nilishaliwekea na maneno ya kumjibu, mengi na makali, nimeyapanga. Lilipokuja halikunifaa kitu, na yale maneno yangu nikayakosa.

Nikaingia ndani nikatoa funguo kwenye msumari juu ya mtungi. Nikampa Shida, akazipokea kwa mikono miwili. Nikamwonyesha ule mfupi wa kabati la dawa na ule wenye kutu wa chumba cha kuzalia. Nikamwambia mlango wa mbele unagoma wakati wa mvua, auinue kidogo kwa goti kabla hajazungusha, na asichelewe kufungua, maana kina mama wa vitongojini hufika saa kumi na mbili.